Pete za mbao za fundi wa Majengo, Moshi: kabla hujauliza ni mti gani, uliza nyuzi zimelala vipi

Nianze na bei maana najua ndo wengi mnaitafuta. Pete ya mbao tupu iliyokerezwa, yaani iliyochongwa ikizunguka kwenye mashine, elfu 20, ya mbao iliyokunjwa elfu 35, na ile yenye duara la stenlesi ndani elfu 50. Hizo ni bei alizonipa mimi mwenyeji tunaongea kama majirani, mgeni mwenye kofia na kamera sijui anaambiwaje. Nimechukua za aina zote tatu kwa nyakati tofauti, nimezivaa, waifu kavaa, moja imevunjika, kwa hiyo nadhani ninacho cha kusema.

Fundi hana bango wala hana page, ni banda la mabati upande wa Majengo, ukiuliza fundi wa miguu ya vitanda unaonyeshwa. Kazi inayomlisha ni hiyo, miguu ya vitanda, nguzo za ngazi, miko mikubwa ya shughuli, pete ni kitu anachofanya jioni kazi zikipungua. Mashine yake ya kukereza kaichomelea mwenyewe kwa angle za chuma, mota ni ya mashine ya kufulia ya mtumba, mkanda unapita kwenye puli mbili za ukubwa tofauti na akitaka kubadili spidi anahamisha mkanda kwa mkono. Ukiiona utacheka, ila ikishaanza kuzunguka haitikisiki, na kwa kitu kidogo kama pete hilo ndo la muhimu kuliko mashine kuwa mpya.

Mi kazi yangu ni Mlima Kilimanjaro, napandisha wageni, na kazi hii na pete ya dhahabu haviendani kabisa. Ukishavuka kambi ya Shira vidole vya watu wengi vinaanza kujaa, mikono inaning'inia siku nzima au imeshika fimbo, hewa nyepesi, baridi, ukifika kambi ya Barafu kule mita 4,673 kuna mtu pete imeshamkaba na mnahangaika na sabuni na uzi saa nne usiku wakati wenzenu wanajiandaa kuanza kupanda. Pete ya mbao ikikataa kutoka unaibana na plaizi inapasuka mnaendelea na safari, elfu 20 imekwenda lakini kidole kipo. Hiyo ndo sababu nilianza kutafuta. Mama mkwe alipoiona akauliza kwa upole kabisa, baba, hela ya dhahabu imeisha? Nikamwambia mama, ipo kabatini, hii ya kazini. Hakuamini, lakini aliacha kuuliza.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho watu hawaulizi. Kila mteja niliyemkuta pale anaanza na mti: hii mpingo? hii mninga? una ya mti wa kahawa? Fundi anajibu tu anauza. Swali lenyewe la kuuliza ni nyuzi za mbao zimelala vipi kwenye pete, maana hapo ndo utajua pete yako itadumu au itabaki kwenye boksi.

Iko hivi. Mti una nyuzi zinazokwenda upande mmoja, kutoka mizizini kwenda juu, pete yenyewe inazunguka. Fundi akichukua kipande akatoboa tundu kufuata nyuzi, yaani keekee inaingia pale ulipo mkato wa gogo, pete nzima iko tayari kupasuka popote kama kuni. Akitoboa kwa kukatiza nyuzi, pande mbili za pete zinakuwa imara kwa sababu nyuzi zinafuata mduara, lakini pande mbili nyingine nyuzi zinakatiza ukuta wa pete, na ukuta wenyewe una milimita mbili tu, labda mbili na nusu. Pale kwenye nyuzi fupi ndo itavunjika, sio kwingine. Haijalishi umeleta mti gani, mti mgumu unachelewesha tu. Huyu fundi anatoboa kwa kukatiza, nilimwona, na nilipomuuliza akanionyesha kwa kidole sehemu mbili zenye udhaifu bila kuzunguka zunguka. Hapo nikamkubali, maana wengi wangekwambia hii haivunjiki bosi.

Pete yangu ya kwanza ilikuwa mpingo mtupu. Kwa macho hakuna inayoifikia. Anaanza na kakipande ka mraba, mabaki anayonunua kwa wachonga vinyago, anatoboa na biti pana, alafu anakivika kwenye kigingi cha mbao ngumu kilichofungwa kwenye mashine, kinakaa kwa kubanwa tu bila gundi, anakereza nje kwa patasi ndogo anachukua kidogo kidogo. Mpingo hautoi maranda marefu kama mbao laini, unatoa unga na vipande vifupi, na unalalamika ukiupeleka haraka. Baadae msasa, namba 120, 240, 400, alafu ule msasa wa maji mpaka 2000, mwisho anapaka kompaundi ya wapiga rangi magari na kuifuta na kitambaa. Haikuwekwa vanishi wala nini, mpingo una mafuta yake na ukisuguliwa vizuri unang'aa wenyewe, mweusi wenye kauzambarau kwa mbali ukiuweka juani. Akaacha na kamstari ka njano pembeni, ile mbao ya nje karibu na gome, nikadhani ni doa kumbe ndo uzuri wenyewe.

Hiyo ya njano ishikeni vizuri kama mnanunua mpingo popote. Kuna duka moja la vinyago Arusha mjini, silitaji, waliwahi kuniuzia pete ya "mpingo" ambayo ilikuwa mti mwepesi umepakwa rangi ya viatu, jasho la siku moja kidole cheusi. Mpingo wenyewe ni mzito kuliko maji, ukitupa kwenye glasi unazama moja kwa moja. Usugue na kitambaa cheupe chenye spiriti kidogo, kikichafuka weusi wa kiwi anza kuwa na shaka. Na ukikuta hata chembe ya ile njano imeshikana na nyeusi bila mpaka wa brashi, hapo una mpingo, rangi ya viatu haiwezi kuigiza hivyo.

Na tukiwa hapo hapo kwenye mpingo, watu wa Moshi tunasahau kwamba huu mti na mashine ya kukereza vina historia hapa hapa kwetu. Marehemu Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea wa Kibosho, mwaka 1996 alianzisha mradi wa kuhifadhi mpingo pamoja na James Harris, Mmarekani wa Texas, na huyo Harris kazi yake ilikuwa kukereza mbao kwa mapambo. Alikuwa anatumia mpingo kwenye mashine yake kule Texas, akaja kumwona Mzee Chuwa kwenye filamu ya televisheni kuhusu huu mti, akamtafuta. Miche ikaoteshwa huku Kilimanjaro, wanafunzi na akina mama wakapanda. Mzee Chuwa alifariki 2014. Nilimwambia fundi hiyo habari, akasimamisha mashine akaniuliza, mzungu anakereza mpingo huko kwao, na patasi zake zinakaa na makali muda gani? Hilo ndo lilimgusa, patasi. Maana mpingo unakula makali vibaya sana, yeye ananoa kila baada ya pete mbili tatu.

Mti wenyewe unachukua miaka sabini na zaidi kufika ukubwa wa kuvunwa, na mbao nzuri zinakimbilia kwenye klarineti na zumari za wazungu, kwa hiyo fundi anayetengeneza pete kwa mabaki ya wachonga vinyago mi namuunga mkono kuliko anayekwambia kakata gogo lake mwenyewe. Wageni wangu huwa wanaogopa kunyang'anywa pete ya mpingo airport. Kwa sheria za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ni kwamba jamii yote ya mpingo, Dalbergia, iliwekwa kwenye udhibiti wa biashara ya kimataifa kuanzia 2017, ila 2019 wakalegeza, bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mbao hiyo kwa mzigo haziguswi. Pete moja haina hata gramu tano.

Haya, ile ya mpingo ikavunjika. Ilidondoka kutoka kwenye sinki ikatua kwenye sakafu ya sementi, ikatoka vipande viwili, na vilikatika wapi? Pale pale fundi aliponionyesha na kidole, sehemu zote mbili. Sikumlaumu. Nilirudi nazo mkononi, akaziangalia, akasema mangi nilikwambia hii ya kuvaa kanisani. Akanipa punguzo la elfu tano kwenye iliyofuata, ambalo sikuliomba.

Iliyofuata ndo hii niliyonayo sasa. Kihambani kwetu, shamba la nyumbani, walikuwa wanang'oa mibuni ya zamani, mashina ya enzi za babu, nikamwomba mama mdogo aniachie shina moja nene. Mbao ya mti wa kahawa watu wanaidharau kwa sababu ni ndogo, lakini ni ngumu, imeshikana, rangi ya krimu, na haina vitundu vikubwa vya kuonekana kwa macho. Shida yake ni kukauka. Fundi aliikata vipande akapaka nta ya mshumaa kwenye mikato yote miwili kwa sababu maji hutoka haraka zaidi pale kuliko ubavuni na ndo nyufa zinaanzia, akakataa kabisa kutumia kiini cha katikati, akasema hicho ni cha jikoni. Alafu akanifukuza. Nenda, rudi mvua zikiisha. Nikaenda nikarudi, bado. Hapa ndo wengine mtamkasirikia, kwa mtu mwenye harusi Jumamosi huyu siye, lakini kwa pete yenye stenlesi ndani kukauka sio mbwembwe. Chuma hakisinyai, mbao ikisinyaa ikiwa imelizunguka duara la chuma haina pa kwenda, inapasuka. Ni hesabu hiyo tu.

Ilipokauka akatoboa, akaikereza ndani kwa uangalifu mpaka lile duara la stenlesi, jembamba sana, likaingia kwa kusukumwa na kidole gumba, akalibandika na gundi ya araldaiti, akaacha mpaka kesho yake, ndo akakereza nje. Juu akapaka supa glu. Ndiyo, supa glu ile ile ya kuunganisha soli, anaweka matone kwenye karatasi laini pete ikizunguka polepole, tabaka jembamba, likikauka jingine, nadhani yalifika sita au saba, alafu msasa wa maji na kompaundi. Inakuwa kama kioo. Sasa tena hili la nyuzi: kwenye pete ya namna hii zile sehemu mbili dhaifu zipo bado, ila chuma kinazishikilia kwa nyuma na ile glu kwa mbele, kwa hiyo unaweza ukaiangusha. Nimeiangusha. Nimeivaa nikibeba mizigo, nikifunga mahema, imepata mikwaruzo miwili mitatu kwenye glu, mbao haijafunguka hata kidogo, na kule juu hewa ni kavu na baridi ya kugandisha kwa hiyo kama ingepasuka ingekuwa imeshapasuka. Ila nisieleweke vibaya, hii yenye stenlesi imeshapoteza ile faida ya plaizi, chuma kiko ndani. Mi siku hizi nikifika geti la Machame, pa kuanzia kupanda, naivua naitia kwenye kamba shingoni mpaka tunashuka geti la Mweka. Kwa wenzangu wa mlimani wanaotaka pete wasiyohitaji kuivua, chukueni ya kukunja.

Ya kukunja ndo ya waifu na ndo naona fundi anapaswa kuisifia zaidi ya zote, ila yeye mwenyewe anaiona ya kitoto kwa sababu kazi ya mashine ni ndogo. Anachukua mninga ulionyooka, anapitisha randa kwa nguvu moja anatoa utepe mrefu mwembamba, chini ya milimita moja, anautumbukiza kwenye maji ya moto mpaka ulegee, anauzungusha kwenye bomba lenye ukubwa wa kidole anaufunga na mpira wa baiskeli ukauke ukiwa na umbo. Baadae anauchongoa ncha ya mwanzo na ya mwisho ili pasiwe na ngazi, anauzungusha upya safari hii na supa glu kila mzunguko, mara tatu au nne, ndo unakwenda kwenye kigingi kukerezwa usawa. Hapo sasa nyuzi zote zinazunguka na pete. Hakuna sehemu fupi. Ni nyembamba, nyepesi mpaka waifu anasahau kuwa kaivaa, na hata ukiibonyeza kidogo inarudi. Mpingo haukubali mambo haya, fundi anasema kalazimisha mara nyingi unakatika tu.

Kwa waifu nilikuwa na wasiwasi na maji, anafua, anapika, anaosha vyombo, na mbao na maji ya sabuni kila siku ni maadui. Anaivua akifua, akisahau haijafa, imefifia kidogo tu upande wa kiganjani. Kilichotaka kuiua ni kitu kingine kabisa: dawa ya kutolea rangi ya kucha. Ile asetoni inayeyusha supa glu, pete ikaanza kunata na kuwa nyeupe nyeupe pembeni. Fundi aliirudisha kwenye kigingi akasugua akapaka upya bure, dakika ishirini hivi tukiwa tumekaa. Lakini hakutuambia mwanzoni, na mteja mwanamke ndo kitu cha kwanza cha kumwambia. Nilimwambia hivyo, akasema sawa ataanza kusema. Tutaona.

Malalamiko yangu mengine. Simu yake inazimwa hovyo, akiwa kwenye mashine hapokei, akipokea hasikii. Umeme ukikatika kazi imelala hapo hapo, hana jenereta. Risiti utaandikiwa kwenye kipande cha msasa, sitanii. Vumbi limejaa kila mahali na vumbi la mpingo linawasha pua na ngozi kwa watu wengine, yeye anavaa barakoa ila mteja hapewi, nenda na yako au simama nje. Na vibox hana, pete unapewa kwenye gazeti, kama ni zawadi tafuta kibox mjini.

Vipimo yuko vizuri, hilo lazima niseme. Ana vipande vya bomba alivyovikereza kila kimoja na saizi yake kimeandikwa kwa kalamu ya moto, anakuvisha mpaka kipite kwenye kifundo cha kidole kwa kubanwa kidogo. Anakataa kupima asubuhi mapema kukiwa na baridi, anasema njoo mchana vidole vikiwa vimeshaamka, na kwa joto la Moshi yuko sahihi, mtu akipimwa Arusha asubuhi akaja kuivaa huku mchana itambana. Pimeni vizuri kwa sababu pete ya mbao hairudi kwa sonara kupunguzwa, inaweza kupanuliwa nusu milimita kwa msasa kwa ndani basi, ya stenlesi hata hiyo hapana. Mtu wa mbali aliyeniuliza kama anaweza kutuma kipimo: zungusha kamba nyembamba, pima urefu kwa milimita, gawanya kwa 3.14, mtumie namba hiyo ya upana wa ndani. Mimi kamba ilitoka 62, pete ikawa 19.7 na imekaa.

Kama upo Arusha na unasita kuja, nauli ya Coaster haizidi bei ya tofauti utakayopigwa kwenye maduka ya watalii, ila piga simu jioni, baada ya saa kumi na mbili, ndo anapokea. Nenda na mbao yako kama ni kavu, anapunguza elfu tano. Mi nimemwachia kipande cha mbao ya loliondo kilichotoka kwenye mguu wa meza ya zamani, nimemwambia akikunje akasema loliondo hakikunjiki, nikamwambia jaribu, tukaachana hivyo, na mpaka naandika hapa simu yake imezimwa.